Mjomba, Nikienda Kanisani kwa Ajili ya Biskuti?

Hadithi, hadithi!

Nasikia mnaitikia. Haya, wapwa zangu, sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzako, utapitwa na maneno.

Leo nina swali, na swali lenyewe si langu. Ni la mpwa wangu mmoja wa darasa la tatu. Aliniuliza hivi: "Mjomba, mimi naenda Shule ya Jumapili kwa sababu wanatugawia biskuti na juisi. Mungu amekasirika?"

Swali zuri hilo! Watu wazima wengi hawathubutu kuliuliza. Wao hupenda kuuliza jirani anaenda kanisani kwa nini. Huyu mtoto amejiuliza yeye mwenyewe anaenda kwa nini. Mtoto wa namna hiyo mimi ningempa biskuti mbili.

Lakini simjibu mara moja. Mjomba wenu mnamjua, anapenda kuzunguka. Tutapita Yerusalemu, tuzungumze na senti moja ndogo. Tutamsalimia mzee Ayubu. Biskuti zitangoja.

Kwanza niambieni. Umewahi kupita njiani jioni ukasikia harufu ya pilau kutoka nyumba ya watu?

"Nimewahi, mjomba! Mpaka tumbo likanguruma."

Vizuri. Harufu inafika mpaka barabarani. Hata ambaye hakualikwa anaipata. Sasa, harufu hiyo ilikuambia kama chumvi imo?

"Haikuniambia."

Naam. Chumvi haina harufu. Chumvi anaijua aliyeonja. Basi na ibada iko hivyo hivyo. Wimbo unasikika mpaka barabarani. Kupiga magoti kunaonekana. Sadaka inaonekana. Yote hayo ni harufu ya chungu. Lakini unaimba kwa nini? Unapiga magoti kwa nini? Unatoa kwa nini? Hiyo ndiyo chumvi. Na anayeonja ni Mungu.

Mmeelewa? Haya, twende kwa senti. Mwacheni aseme mwenyewe.

"Mimi ni senti ya shaba. Nilizaliwa Yerusalemu, enzi za mfalme Alexander Jannaeus, aliyetawala kuanzia mwaka 103 hadi mwaka 76 kabla ya Kristo. Upande mmoja nina nanga. Upande wa pili nina nyota. Msinicheke, nyota yangu imekatika pembeni. Fundi alikuwa na haraka. Alikuwa na senti nyingi za kugonga, na nani anayejali sura ya senti? Uzito wangu ni kama gramu moja, wenzangu wengine hata hawafiki hapo.

"Kibarua wa shamba la mizabibu alilipwa dinari moja kwa siku. Mnajua zilihitajika senti ngapi kama mimi kufikisha dinari moja? Senti 128! Kwa hiyo mimi peke yangu nilikuwa si kitu. Nikianguka sokoni, mwenye haraka hainami kuniokota."

Hapa naingilia kidogo. Senti za aina hii zimechimbuliwa kwa wingi katika nchi ile, na wataalamu wa sarafu za kale wanaona kwamba huenda ndizo zilizotajwa katika Injili ya Marko sura ya 12. Zilikuwa zimeshazeeka wakati huo, ila bado zilikuwa zikizunguka mikononi mwa watu. Endelea, senti.

"Nilipita mikono mingi. Mkono wa muuza samaki, mkono wa mchunga kondoo, mkono wa mlevi. Siku moja nikajikuta katika mkono wa mjane. Humo tulikuwa wawili, mimi na ndugu yangu. Nikatafuta wa tatu. Hakuwepo.

"Akatupeleka Hekaluni. Jamani, Hekalu! Mfalme Herode alianza kulijenga upya kama mwaka wa 20 kabla ya Kristo, na siku ile mafundi walikuwa bado hawajamaliza. Mawe makubwa, watu wengi, kelele nyingi. Kulikuwa na masanduku 13 ya sadaka, yana midomo kama tarumbeta. Matajiri walikuwa wakitia fedha nyingi. Fedha ikishuka kwenye tarumbeta inalia, na ikilia watu wanageuka. Tulipotiwa sisi, nadhani hata inzi hakugeuka.

"Lakini mtu mmoja alikuwa ameketi anatazama. Akawaita wanafunzi wake. Akawaambia kwamba mjane yule ametia zaidi kuliko wote. Wengine walitoa katika vilivyowazidi. Yeye alitoa chakula chake. Mimi na ndugu yangu tulitazamana humo sandukuni. Zaidi kuliko wote? Sisi?"

Asante, senti. Pumzika.

Najua kuna mkono umenyanyuliwa. Sema.

"Mjomba, senti mbili zinazidije fedha za matajiri? Mwalimu wetu wa hesabu hatakubali."

Hatakubali kabisa, na ana haki. Lakini angalia Yesu alihesabu nini. Wengine walihesabu kilichoingia sandukuni. Yeye alihesabu kilichobaki nyumbani. Kwa matajiri kilibaki kingi. Kwa mjane kilibaki sifuri.

Halafu tazama jambo jingine, ndilo linalonigusa mimi zaidi. Zilikuwa mbili. Angeweza kutia moja na kubaki na moja. Nani angemlaumu? Na kwa senti mbili angepata sifa gani? Hakuna anayekupigia makofi kwa senti mbili. Kwa hiyo harufu haikuwepo kabisa. Ilikuwa chumvi tupu.

Sasa nitasimama hapa kidogo, maana hadithi hii imetumiwa vibaya mara nyingi. Kuna wahubiri wanaoishika wanapotaka pesa. Wanasema: mwoneni mjane, alitoa vyote, na ninyi toeni vyote. Nanyi mama zangu mliobakiwa na hela ya unga, toeni!

Wapwa zangu, fungueni Marko sura ya 12 msome mistari iliyo juu kidogo ya mjane. Yesu anaonya juu ya walimu wa dini wanaopenda mavazi marefu, wanaopenda kusalimiwa sokoni na kukaa viti vya mbele. Wanasali sala ndefu ili waonekane. Na anasema wanakula nyumba za wajane. Mmesikia? Nyumba za wajane! Mara tu baada ya maneno hayo, mjane anatokea na senti zake mbili. Kisha geuza ukurasa. Mwanafunzi mmoja anayashangaa mawe ya Hekalu, na Yesu anamjibu kwamba halitabaki jiwe juu ya jiwe. Kweli, mwaka 70 baada ya Kristo majeshi ya Warumi yalilibomoa.

Kwa hiyo Yesu alimsifu mjane. Hakuwasifu waliomwacha abaki na sifuri. Kutoa kuna chumvi yake, na kupokea pia kuna chumvi yake. Kiongozi anayepokea senti ya mwisho ya mama, asiulize mama huyo atakula nini usiku, mimi namhesabu upande wa wale wenye mavazi marefu. Nimesema.

"Kumbe walimu wote wa pale walikuwa wabaya, mjomba?"

La! Umefanya vizuri kuuliza, usije ukaondoka na uongo. Katika sura hiyo hiyo ya 12 kuna mwalimu mmoja wa sheria. Alisema kwamba kumpenda Mungu na kumpenda jirani ni jambo kubwa kuliko sadaka zote za kuteketezwa. Yesu akamwambia hayuko mbali na ufalme wa Mungu. Tena vitabu vya kale vya Wayahudi vinaeleza kwamba humo Hekaluni kulikuwa na chumba cha siri. Mcha Mungu aliingia akaacha sadaka yake kimya kimya. Maskini wa familia za heshima walisaidiwa kutoka humo kimya kimya. Aliyetoa hakujua amempa nani. Aliyepata hakujua ashukuru nani. Mimi nikifikiria chumba kile nafurahi peke yangu.

"Na huku kwetu, mjomba? Kuna chumba cha siri?"

Huku kwetu kuna mnada!

Ambao hamjauona, niwasimulie. Katika sharika nyingi za Kilutheri Tanzania, ibada ikiisha watu hawakimbilii nyumbani. Wanakusanyika nje. Asiye na pesa taslimu alileta alichonacho: mayai, kuku, mkungu wa ndizi, muwa, kibuyu cha maziwa. Vyote vinapigwa mnada, na pesa inakwenda kanisani. Kuku anashikwa miguu, anapiga kelele, watu wanacheka. Yai moja linaweza kupanda bei mpaka mayai ya dukani yaone wivu. Aliyelinunua analirudisha, linanadiwa tena. Bibi aliyeleta mayai yake kwenye kitambaa anaona yamegeuka bati la paa la kanisa. Mimi naupenda mnada kwa moyo wote.

Lakini mpwa wangu mmoja, mjanja huyo, aliniuliza: "Yule baba anayepandisha bei huku anageuka nyuma kuona nani anamtazama, je, anajionyesha?"

Sijui.

Kweli, sijui. Sijaonja chungu chake. Labda anajionyesha. Labda anamtafuta mkewe amwulize kama pesa inatosha! Wewe pia hujaonja. Harufu ya jirani unaipata, chumvi yake huipati. Chungu unachoweza kuonja ni chako.

Ila kuna jambo moja sitalinyamazia. Kuna mahali wanasoma kwa sauti majina ya watu ambao hawajarudisha bahasha za sadaka. Hilo silipendi. Mtu akishasomwa mbele ya watu, Jumapili ijayo ataleta bahasha, ndiyo. Ataleta kwa aibu. Paa litaezekwa, lakini mmemfundisha mtu kumtolea mzee wa kanisa badala ya Mungu.

"Mjomba, umenichanganya. Mwalimu wa Shule ya Jumapili alisema nuru yetu iangaze mbele ya watu. Sasa tujifiche au tuangaze?"

Hee! Mnamwona huyu? Ameshika ncha mbili za kamba. Mtoto huyu asome sana.

Ni kweli. Katika mahubiri ya mlimani, Injili ya Mathayo sura ya 5, Yesu anasema watu wayaone matendo yenu mema. Sura ya 6, mahubiri yale yale, anaonya tusifanye wema mbele ya watu ili tutazamwe. Anataja mambo matatu: kutoa, kusali na kufunga. Kila moja analipa onyo lile lile. Je, amejisahau? Hapana. Soma yote mawili polepole, uangalie sifa inakwenda kwa nani. Katika sura ya 5 watu wanaona, kisha wanamtukuza Baba aliye mbinguni. Katika sura ya 6 watu wanaona, kisha wanakutukuza wewe. Harufu si kosa, wapwa zangu. Pilau nzuri lazima inukie. Kosa ni kupika ili barabara inukie, na waliomo ndani wasile.

Kuna mwingine aliniuliza juu ya majivu. Wakatoliki wanaanza Kwaresima Jumatano ya Majivu. Matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita huchomwa, majivu yake wakapakwa waumini. Na Injili inayosomwa siku hiyo inatoka sura hiyo hiyo ya 6, inayosema ukifunga unawe uso! Mtoto akauliza: sasa ninawe au nisinawe? Nikamwambia majivu yanasema "mimi ni mavumbi", hayasemi "mimi ni mtakatifu". Ukikaa nayo kwa sababu unakumbuka, kaa nayo. Ukikaa nayo ili abiria kwenye daladala wakuheshimu, maji yako bombani.

Sasa twende kwa mzee Ayubu. Hodi!

Ayubu alikuwa tajiri. Kondoo 7,000. Ngamia 3,000. Jozi 500 za ng'ombe. Punda majike 500. Na alikuwa mcha Mungu kweli, anaamka alfajiri kutoa sadaka kwa ajili ya watoto wake, isije ikawa wamekosea. Shetani akamwendea Mungu na swali moja. Swali lenyewe ni lile lile la biskuti! Aliuliza kama Ayubu anamcha Mungu bure. Yaani: umemzungushia ukuta wa baraka, sasa kwa nini asikusifu? Ondoa biskuti tuone.

Zikaondolewa. Ng'ombe, punda, kondoo, ngamia, watumishi, na ole, watoto wake. Kisha afya yake.

"Akaendelea kuimba na kufurahi?"

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanasema Ayubu alivumilia akanyamaza. Kitabu chake kina sura 42, na sehemu kubwa Ayubu analalamika! Ananung'unika, anailaani siku aliyozaliwa, anadai Mungu amjibu. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, na hapo walifanya vizuri. Kisha wakafungua midomo. Wakasema maneno mazuri mazuri ya kumtetea Mungu. Ukiyasikia utadhani ni mahubiri. Mwishoni Mungu akawakasirikia wao. Akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu.

Fikirini hilo. Waliosema maneno matamu walionekana hawana chumvi. Aliyelia na kudai ndiye aliyesema kweli. Kwa hiyo mtoto akiniambia, "Mjomba, jana nilisali nikiwa nimemkasirikia Mungu, bibi yangu amekufa," simkemei. Sala hiyo ni safi kuliko nyingi zilizosemwa kwa sauti ya kuimba.

Na mkisikia mtu anawaambia: toa elfu kumi leo, Mungu atakurudishia laki moja, mkumbukeni Ayubu. Hiyo ni biashara. Biashara si dhambi, lakini mahali pake ni sokoni.

Haya. Biskuti zimengoja vya kutosha.

Katika Injili ya Yohana sura ya 6, Yesu aliwalisha watu wapatao 5,000. Chakula kilitoka kwa mtoto, mikate 5 ya shayiri na samaki wawili. (Mnaona? Mtoto! Na jina lake halikuandikwa popote.) Kesho yake watu wakamtafuta, wakavuka ziwa mpaka Kapernaumu. Yesu akawaambia wazi wazi: hamkunitafuta kwa ajili ya ishara, mmenitafuta kwa sababu mlishiba mikate.

"Akawafukuza?"

Hakuwafukuza. Aliwaambia ukweli, kisha akaendelea kuwafundisha. Akawaambia kuna chakula kingine. Maneno yakawa magumu. Wengi wakaona hakuna mkate leo, wakarudi nyuma. Akawageukia wale 12, akawauliza kama na wao wanataka kuondoka. Petro akajibu, tutakwenda kwa nani? Petro naye hakuwa amekwenda siku ya kwanza akiwa anaelewa yote. Alikuwa mvuvi aliyeitwa akafuata. Miaka iliyofuata mara anaamini, mara anazama majini, mara anakana mbele ya jogoo.

Basi, mpwa wangu wa darasa la tatu, jibu lako hili hapa. Mungu hajakasirika. Ulikwenda kwa ajili ya biskuti, na ukiwa pale ulisikia habari za mjane. Sasa umeanza kujiuliza. Chungu kikionekana hakina chumvi hatukimwagi jalalani. Kiko motoni bado. Mama anaonja, anaongeza kidogo, anaonja tena. Watu wazima wako vivyo hivyo, usidanganyike na suti zao. Mmoja amekuja kwa sababu ya mchumba anayeimba soprano. Mmoja amekuja kwa sababu anagombea udiwani. Mmoja amekuja kwa sababu mama yake alimwamsha kwa fimbo. Na ndani ya hao hao, mahali fulani, kuna punje ya kumtaka Mungu. Mimi mwenyewe sijawahi kuwa na moyo ulio safi kwa asilimia mia. Ningengoja niupate ndipo nisali, ningekuwa sijasali mpaka leo.

Kwa hiyo nenda. Kula biskuti yako, ukimaliza baki.

Na ninyi nyote mlionisikiliza mpaka hapa bila kusinzia, naomba kitu kimoja wiki hii. Fanya jambo moja kwa ajili ya Mungu ambalo hakuna mtu ataliona. Msalie rafiki mliyegombana naye. Mpe mwenzako asiye na chakula nusu ya kitumbua chako wakati wengine wamekwenda kucheza. Okota takataka kwenye uwanja wa kanisa kabla watu hawajafika. Ukimaliza, usimwambie mwalimu. Usimwambie mama. Na mimi mjomba wako, hata nikikubembeleza kwa biskuti, usiniambie.